Mchezaji wa Kumi na Moja

Tangu nirudi Tanga sijamaliza kikombe cha chai katika ofisi ya walimu bila mmoja wenu kunivuta mtandio: "Haya, Hadija, London!" Nikianza habari za chakula, kengele inalia. Nikifika kwenye mechi, mwingine anaingia na kutaka nianze upya. Basi nimekaa, nimeiandika yote, mwenye kutaka asome. Habari za viza na tiketi naziruka, mliona wenyewe nilivyokonda. Ikulu yao sikuiona. Lile daraja linalofunguka katikati sikuliona. Nilichokiona ni wanawake watu wazima waliovaa nyeupe tupu, wakikimbia juani, na mimi nikiwa katikati yao sijui niende wapi.

Kwa asiyejua: mama yangu, Bi Mwanahamisi, ana mdogo wake mmoja tu, Zuwena. Baada ya Mapinduzi, familia nyingi za Unguja zilipotawanyika, mama alikuwa ameshaolewa huku Tanga. Mama mdogo, aliyekuwa bado msichana wa shule, alichukuliwa na mjomba wao hadi Mombasa, na baada ya miaka michache akaenda Uingereza kusomea uuguzi. Akabaki huko. Huja kwa arusi na kwa misiba, na akija huuliza habari zetu, zake hasemi. Tulijua ni muuguzi mstaafu, mjane, anakaa Walthamstow. Kwamba alipata kuichezea timu ya kriketi ya wanawake ya kaunti, hilo tulilisikia juu juu tu, na hakuna aliyejua maana yake.

Siku moja akanipigia simu. "Dija, bado unacheza?"

"Nacheza, mama mdogo. Mwaka huu tumefika fainali za mkoa."

"Mashaallah! Basi uje. Nakuhitaji."

Nikadhani ananihitaji kwa ajili ya goti lake, maana lilikuwa likimsumbua. Nikasema nakuja kumuuguza.

Kukwama Addis

Kutoka Tanga hadi Dar hakuna la kusimulia, na kutoka Dar hadi Addis Ababa nililala. Addis ndiko mambo yalikoanza. Ndege ya kwenda London ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena, mwisho yule dada wa kwenye mlango wa kuingilia akaacha hata kututazama. Watu walilala sakafuni kama mahujaji.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, Mama Furaha, mnene, mcheshi, anakwenda Manchester kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akafungua kibeseni: sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwao, na ndizi za kuchemsha.

"Kuya ukule, dada," akaniambia. "Hawa batu batatuacha hapa mpaka kesho."

Nilikula mpaka nikaona haya. Yeye akala maandazi yangu na kuyasifu, ingawa yalikuwa yameshakuwa magumu. Tulielewana nusu kwa nusu. Aliponiuliza kama nina "bandugu" London nikadhani anasema bunduki, nikaangaza macho nikimwogopa askari. Tulipogundua kwamba anauliza habari za ndugu tulicheka hadi watu waliolala wakaamka.

Hapo ndipo simu yangu iliposhika mtandao na ujumbe wa mama mdogo ukaingia: "Umechukua raba? Usije na makubadhi." Nikafikiri, masikini, ananionea huruma, kule watu wanatembea sana. Nikamjibu kwamba raba ninazo, zile zangu za uwanjani. Akarudisha mioyo myekundu safu nzima. Mama Furaha akachungulia na kusema, "Huyu mama mudogo anakupenda sana." Nikakubali.

Walthamstow

Mama mdogo alikuwa akinisubiri kwenye kizuizi cha wapokeaji, amejifunga mtandio wa samawati, mdogo wa umbo kama mama yangu lakini amesimama wima kama mwanajeshi. Alinikumbatia, kisha akanishika mikono na kuifinya kuanzia mabegani mpaka kwenye vifundo, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mikono mizuri," akasema. "Alhamdulillahi."

Nyumba yake imo katika safu ya nyumba zilizoshikana kuta, mlango mwekundu, bustani ya nyuma yenye mita chache za majani. Jioni ile nilikaa nikisubiri giza liingie ili tuswali magharibi na tule. Saa kumi na mbili jua kali. Saa moja jua. Saa mbili na nusu watoto wa jirani wangali wanapanda baiskeli. Njaa inaniuma, nami naogopa kusema. Hatimaye mama mdogo akaniuliza, "Mbona huli? Chakula kimekaa mezani tangu alasiri." Yeye alidhani nina uchovu, mimi nilidhani anasubiri magharibi, na huku magharibi ya kiangazi ni karibu na saa tatu na nusu ya usiku! Nilikula biriani iliyopoa na sijawahi kula biriani tamu kama ile.

Asubuhi akanipeleka sokoni. Ni barabara nzima, ndefu mpaka mwisho huuoni, pande zote meza za nyanya, vitambaa, masufuria, mabakuli ya matunda yaliyopimwa tayari. Kila muuzaji anamjua. Akasimama kwa muuza samaki, Mwingereza mwenye mikono myekundu, akanisukuma mbele na kusema kwa Kiingereza, "Huyu ndiye yule mwanangu niliyekwambia. Anacheza kriketi Tanzania. Jumamosi utamsikia."

Muuza samaki akanipa mkono wenye magamba. Mimi nikaupokea, nikageukia kutazama samaki.

Treni ya kwenda Kingsbury

Tulikuwa tunakwenda kwa rafiki yake Kusum, Kingsbury, upande wa pili wa mji. Tulipopata viti kwenye treni ya chini ya ardhi nilivuta pumzi nikamwambia.

"Mama mdogo, mimi sichezi kriketi."

"Vipi huchezi?"

"Nacheza netiboli. Na kufundisha nafundisha netiboli. Fainali za mkoa zilikuwa za netiboli."

Akanitazama. Stesheni ikapita. Ikapita ya pili.

"Na lile gongo la kriketi nililokuletea ulipokuwa mdogo? Nilimpa Bi Saada, aliyekuwa anarudi Tanga, alichukue kwenye sanduku lake."

"Mama alilifulia mablanketi."

Nilidhani atalia. Badala yake uso ukaanza kumtetemeka, akajiziba mdomo kwa mtandio, kisha kicheko kikamshinda. "Mablanketi!" akasema. "Gongo latoka kwa fundi bora wa kaunti nzima! Dada Mwana, Mungu anamwona!" Vijana waliokuwa na vidude masikioni wakavitoa kutusikiliza.

Alipotulia ndipo akanieleza anachonihitajia, na nikaona kwamba kicheko kile hakikuwa chepesi. Timu yao ya wanawake ya kaunti ilikuwa inasherehekewa. Wachezaji wa zamani wangecheza na wasichana wa sasa, na mechi ingechezwa kwenye uwanja mkuu wa kaunti. Katika miaka yake yote ya kucheza, mama mdogo hakupata kuukanyaga.

"Ule ulikuwa wa wanaume," akasema. "Sisi tulipewa viwanja vya skuli, viwanja vya kiwanda, mahali ng'ombe wametoka asubuhi. Mara moja tulipewa uwanja wenye mteremko, mpira ukiupiga chini unakwenda mpaka barabarani. Nguo tunashona wenyewe. Nauli tunatoa wenyewe. Mimi natoka zamu ya usiku hospitali, nalala ndani ya gari, naamshwa uwanjani, narusha mpira, narudi zamu. Kuna miaka tulibaki saba. Saba! Tunacheza na timu ya watu kumi na mmoja, kila mmoja analinda mahali pake na pa jirani."

"Na mkaendelea?"

"Tungeacha, wangesema wanawake hawapendi kriketi."

Sasa wachezaji wa zamani walikuwa kumi. Mmoja alikuwa amevunjika nyonga, wengine wametawanyika duniani au wametangulia mbele ya haki. Waliruhusiwa kuongeza ndugu mmoja. Ikiwa Jumamosi hawatatimia kumi na moja, wenye uwanja wamesema basi mechi haitakuwapo, kutakuwa na keki na kupiga picha.

"Sitaki keki yao," akasema mama mdogo. "Nataka kurusha mpira pale, mara moja, kabla hawajanikata goti hili na kutia la chuma."

Treni ilikuwa imeshatoka ardhini, madirishani nyumba na miti. Nikamwambia nitacheza. Sikujua nilichokuwa nakisema.

Uchochoro wa nyuma ya duka

Barabara ya Kingsbury, mngedhani mmeshuka sehemu za katikati ya Dar, zile zenye maduka ya Wahindi. Sari madirishani, harufu ya bizari, wazee wawili wanagombana kwa Kigujarati kilichochanganyika na "sasa wewe sikiliza." Kusum ana duka la vyakula. Alizaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale, na Kiswahili chake bado cha Mwanza. Mwanamke mfupi, mpana, miwani imefungwa kamba shingoni. Kwenye timu alikuwa mlinda wiketi, yule anayekaa nyuma ya vijiti vitatu na kudaka kila kinachopita.

Mama mdogo akamwambia ukweli wote, habari ya netiboli na habari ya mablanketi. Kusum hakucheka. Akachukua mpira wa kriketi kutoka chini ya kaunta, karibu na pakiti za dengu, akanitupia ghafla. Nikadaka kwa mkono mmoja, na nusura nipige kelele. Ni mgumu kama jiwe!

"Twende nyuma," akasema.

Nyuma ya duka kuna uchochoro wa mapipa ya taka. Kusum alinirushia mpira juu, chini, kushoto, kulia, mara akiwa amenipa mgongo. Viganja vilinivimba. Lakini kudaka ndiyo kazi yangu, mnanijua, miaka yote nimecheza ulinzi. Sikuangusha hata mmoja. Kisha akanipa gongo na mama mdogo akanirushia. Hapo sina la kujisifia. Nilipiga hewa, nikapiga pipa, nikapiga mguu wangu mwenyewe.

"Kupiga hajui kabisa," Kusum akamwambia mama mdogo. "Lakini anadaka, Zuwena. Sikia, anadaka kuliko mimi nilivyokuwa."

"Kukushinda wewe hakuhitaji kudaka sana," mama mdogo akamjibu, wakaanza kuzozana kuhusu mpira mmoja ulioangushwa miaka hiyo mahali fulani, kwa sauti za juu, kila mmoja akionyesha kwa mikono jua lilikuwa wapi. Waliendelea hadi chakula kilipokuja. Tulikula mogo. Niliposikia mogo nikasubiri kwa hamu chakula kipya cha Kihindi, sahani ikafika, ni muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu! Nimesafiri anga lote lile kuja kula chipsi za muhogo, na nikaomba sahani ya pili.

Nilikwenda pale kila siku hadi Ijumaa.

Thornton Heath, kwa nahodha

Jumamosi alfajiri tulipanda gari la duka la Kusum, mama mdogo mbele, mimi nyuma kati ya magunia ya mchele, tukavuka mto kwenda kusini mwa mji, Thornton Heath, kumchukua nahodha. Mtaa ule nao ukanichanganya: viazi vikuu vimepangwa nje ya duka, ndizi mzuzu, saluni za kusuka zimeshafunguliwa, kisha katikati yake nyumba ndogo yenye waridi, na mlangoni Mwingereza mrefu mwembamba, mvi tupu, tayari amevaa nyeupe kuanzia viatu mpaka kofia. Huyo ndiye Maureen. Alikuwa muuguzi mwenzake mama mdogo, na ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo. Siku moja, zamani hizo, timu ilipungukiwa mtu, na Maureen alikuwa amemwona mama mdogo akirusha ganda la chungwa kwenye pipa la mbali bila kutazama.

Alitufungulia, akarudi ndani, na tulipomfuata tayari alikuwa amesimama juu ya kiti anashusha begi la vifaa kutoka juu ya kabati, peke yake, na umri wake ule. Kusum akamgombeza kwa Kiswahili. Maureen akamjibu kwa Kiingereza. Nadhani wamekuwa wakigombana hivyo tangu zamani, na kila mmoja anaelewa anachotaka.

Ndani ya begi, juu ya magongo, kulikuwa na suruali moja ya kulalia, ya mistari ya kijani. Nikauliza ni ya nini. Maureen akakaa kitandani akanieleza, mama mdogo akiwa anajifanya anafunga kamba za viatu.

Zamani zile sheria ya mavazi ilikuwa sketi nyeupe. Mama mdogo alivaa sketi, lakini chini yake alivaa suruali nyeupe, na kichwani mtandio mweupe. Siku moja nahodha wa timu nyingine akakataa. Ama suruali ivuliwe, ama mtu huyo asicheze.

"Zu alianza kukusanya vitu vyake," Maureen akasimulia. "Mimi nikasema, subirini kidogo. Nikawaita wote kwenye gari, nikafunga mlango. Nikawaambia, kila mtu atafute suruali."

"Mlikuwa nazo?"

"Tulikuwa na nguo tulizokuja nazo. Jinzi. Suruali ya mvua. Moja tuliazima kwa dereva, akabaki amekaa garini na blanketi. Mimi nilikuwa na hii, ya mume wangu, sikumbuki hata ilifikaje garini. Tukatoka watu kumi na mmoja, sketi nyeupe juu, na chini rangi za kila namna. Nikamwambia yule nahodha, sasa tutoe wote."

"Akafanyaje?"

"Mwamuzi alikuwa anacheka hadi hawezi kusimama. Tukacheza."

Nikamgeukia mama mdogo. Miaka yote ile alikuja Tanga, akakaa jikoni kwetu akimenya vitunguu, na hakupata kutuambia. Alikuwa bado ameinama kwenye kamba za viatu. "Na tulishinda," akasema kwa Kiswahili, kama anayekiambia kiatu.

Uwanja mkuu

Mwalimu wa jiografia ameniuliza uwanja ulikuwa mkubwa kiasi gani. Sijui. Najua kwamba tulipopita lile lango, wale wanawake waliokuwa wanapiga kelele njia nzima walinyamaza. Majani yamekatwa mpaka yanang'aa. Upande mmoja kuna jengo la zamani lenye roshani nyeupe. Maureen aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia humo, hata siku aliyokuja kumtazama kaka yake akicheza alisimama nje kwenye mvua.

Wenzetu saba walikuwa wametutangulia, na wasichana wa timu ya sasa walikuwa wanapasha misuli. Warefu, wana makocha, wana basi lenye nembo ya kaunti. Nahodha wao, binti mwenye nywele za kusuka na mabega mapana, akaja kutusalimu mmoja mmoja. Alipofika kwa mama mdogo akasema, "Mama yangu alinifundisha kurusha, na yeye alifundishwa na mtu uliyemfundisha wewe." Mama mdogo alimpapasa shavu.

Tulitangulia kupiga. Kwa kifupi, upande mmoja unapiga na kukimbia kukusanya mbio, kisha wa pili unatafuta kuzipita, na kila upande hurushiwa idadi maalumu ya mipira. Wazee wetu walinishangaza. Maureen alipiga mipira mitatu mpaka kwenye kamba inayouzunguka uwanja, ambako mpira ukifika mbio nne huhesabiwa bila mtu kukimbia, na hata kwa mingine hakukimbia, alitembea. Kusum alipiga kama anayeua nyoka. Mimi nikaingia wa mwisho. Mpira ukagusa gongo langu kwa bahati, Maureen akapiga kelele "Kimbia!", nami nikalitupa gongo chini nikakimbia mikono mitupu. Uwanja mzima ulicheka. Lakini mbio ilihesabiwa! Mpira wa pili niliorushiwa ukang'oa vijiti vyangu vyote. Tukafikisha mbio sabini na moja.

Wasichana wakaanza kuzitafuta, na nikaona tumekwisha. Yule nahodha wao alikuwa anapiga mipira mbali hadi njiwa wa juu ya paa wakahama. Maureen akamwita mama mdogo. "Zu. Sasa rusha wewe."

Mama mdogo alitembea polepole hadi mahali pake, akachechemea kidogo, akaushika mpira mkononi kama anayepima embe. Mtupo wake ni wa taratibu. Mpira unapanda juu, unaning'inia, unashuka, na ukigusa ardhi unageuka kando. Wa kwanza, yule binti akaupiga mpaka kwenye kamba. Wa pili vilevile. Mama mdogo akatabasamu. Kusum akapaza sauti kwa Kiswahili kutoka nyuma ya vijiti, "Mpe wa polepole zaidi, huyu ana pupa!"

Akampa wa polepole zaidi. Binti akaupiga kwa nguvu zote, ukaenda juu, juu sana, upande wangu.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka jua, na doa jeusi ndani yake, na sauti ya mama mdogo, "Dija!" Niliruka kama ninavyowaambia wasichana wetu kila siku waruke, mikono miwili, macho kwenye mpira, nikaushika juu ya kichwa. Nikatua kwa mguu mmoja. Na hapo nikaganda. Katika netiboli ukishika mpira hutembei! Nilisimama kwa mguu mmoja, nimekumbatia mpira, natafuta wa kumpasia, huku watu wananipigia kelele nami sijui nimekosea wapi. Kumbe wanashangilia: mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, aliyeupiga ametoka mchezoni. Mama mdogo alikuja mbio, goti lake na yote, akaniangukia, tukaanguka wote.

Baada ya hapo walianza kutoka mmoja baada ya mwingine. Mama mdogo alitoa watatu. Mwishowe wasichana walibaki na wapigaji wawili wa mwisho, mmoja akitoka tumeshinda, wao wanahitaji mbio mbili, na mpira uko mkononi mwa mama mdogo. Watu wote walikuwa wamesimama. Akarusha. Mpira ukageuka, ukamgonga binti kwenye mguu, mbele kabisa ya vijiti. Kwa sheria, kama mguu umezuia mpira uliokuwa unakwenda kwenye vijiti, mpigaji ametoka. Sote tulipiga ukelele, Kusum akaruka na miwani ikamruka. Mwamuzi, mwanamume mpole mwenye kofia pana, akafikiri. Akatikisa kichwa.

Mama mdogo akarudi, akarusha tena, na mpira ule ukapigwa mpaka kwenye kamba. Tukashindwa.

Nilidhani watahuzunika. Wale wanawake walilala chali kwenye majani ya uwanja mkuu, kumi wote, wakakataa kuinuka. Wasichana wakaja wakalala nao. Yule nahodha akamwomba mama mdogo amwonyeshe vidole vinashikaje mpira, wengine wakasogea, na nilipotazama tena nikaona duara zima limemzunguka, kila mmoja ananyonga kifundo cha mkono hewani. Maureen alikuwa ameshapanda kwenye ile roshani nyeupe, amevua viatu, miguu juu ya kiti cha mbele. Nikampelekea kikombe cha chai. Akanywa funda moja akakunja uso.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Na chai yao ni mbaya hivi."

Nyumbani

Njia ya kurudi haikuchelewa hata dakika, kwa hiyo haina hadithi. Uwanja wa ndege mama mdogo alinipa zawadi za mama: kanzu, dawa za miguu, biskuti za bati. Hakuniambia nimsimulie chochote.

Binti yake Kusum alikuwa amerekodi mechi kwa simu yangu. Jioni ya kwanza Tanga nikaiweka mbele ya mama, tukiwa tumekaa ukumbini. Alitazama akiwa ananyambua mchicha, kwa adabu tu, kama anavyotazama arusi za watu asiowajua. Kisha mama mdogo akatokea na mpira mkononi.

"Huyo nani?"

"Mama mdogo."

Akauweka mchicha chini. "Zuwena huyo? Anakimbia?" Akaisogeza simu karibu na uso. Ikabidi nimweleze vijiti ni nini, kamba ni nini, kwa nini watu wanashangilia. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyouliza mimi. Tulipofika kwenye ule mpira wa mguuni, mwamuzi akatikisa kichwa, mama akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena."

Akaitazama mara ya tatu, amekunja uso.

"Huyo katoka."

"Mama, mwamuzi kasema—"

"Mwamuzi ana kofia imemfunika macho. Mpira unakwenda kwenye vijiti, mguu umezuia. Si ndivyo ulivyonieleza? Nipigie Zuwena."

Nikapiga. Sauti ya mama mdogo ikasikika, na wasiwasi ndani yake, maana mama hana tabia ya kupiga yeye. "Dada? Kwema?"

"Kwema. Zuwena, yule mtoto wa mwisho alikuwa katoka. Nimeona kwa macho yangu."

Kikatoka kicheko kikubwa, na kikageuka katikati kikawa kilio, na mama akaushika mkono wangu mpaka mdogo wake alipomaliza. Kisha akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaniashiria nichukue mchicha nikauendeleze jikoni.

"Haya," nikamsikia akimwambia. "Sasa anza mwanzo. Siku ya kwanza kabisa. Nani alikupeleka?"